Mhojiwa wa Kumi na Nne

Alhamisi, 7 Agosti

Blanketi thelathini na mbili. Zimeanikwa asubuhi, zimeingizwa kabla ya mvua ya saa tisa. Magodoro kumi na tano. Wageni kumi na sita. Nimehesabu mara tatu.

Wageni wa semina wanafika Jumapili. Kwa wiki nzima watalala hapa katika nyumba ya mafungo ya kanisa: wanafunzi kumi na wawili wa shahada ya uzamifu, wahadhiri watatu na dereva. Kiongozi wao ni Profesa Koskei, niliyemfundisha darasa la saba. Alinipigia simu mwezi wa tano akaniomba niwe mratibu. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Kukataa kumenishinda maisha yangu yote.

Mama Wambui atapika. Ana hoteli Kapkatet, na babake alihamia huku kutoka Nyeri kabla yeye hajazaliwa. Alikagua jiko leo. Akainua sufuria kubwa kuliko zote tulizo nazo.

“Mwalimu, hii ni ya kupikia watu ama ya kuogeshea mtoto?”

Niliomba radhi. Akasema hataki radhi, anataka sufuria. Nimeazima mbili kutoka shule ya msingi.

Ratiba nimeiandika kwa mkono kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukumbini. Herufi za misheni, kila herufi kubwa na mkia wake. Inapendeza. Ni majivuno, najua.

Ijumaa, 8 Agosti

Makala yote kumi na mawili yamechapishwa Kapkatet. Kazi ya leo ilikuwa kuyatia kwenye faili, jina la kila mmoja juu. Ni ya Kiingereza. Nilikuwa nikisoma ukurasa wa kwanza wa kila moja ili nisichanganye.

La tisa, ambalo nililisoma lote, ni la Mercy Chelangat, binti wa upande wa Bomet. Linahusu wanawake wa hapa kwetu na jinsi chai ilivyoingia katika mashamba madogo. Hakuwahoji yeye mwenyewe. Ametumia madaftari ya mtafiti mgeni aliyefika huku zaidi ya miaka arobaini iliyopita, Bi Hilda. Bi Hilda amefariki, na madaftari yake yametolewa kwa chuo kikuu. Wanawake ishirini na wawili, kila mmoja kwa nambari. Hakuna majina.

Hoja ya Mercy ni kwamba wanawake waliridhia. Kwamba mashamba ya wimbi yalipogeuzwa kuwa ya chai, walishirikishwa, na wengi walifurahi. Ushahidi wake mkubwa upo ukurasa wa nne:

Mhojiwa wa 14: “Mimi na mume wangu tulikubaliana. Nilifurahi.”

Mhojiwa wa kumi na nne ni Tabitha, mke wangu. Hakusema hivyo.

Nimelitia makala kwenye faili.

Jumamosi, 9 Agosti

Godoro la kumi na sita limepatikana kwa mchungaji. Lina harufu ya kondoo. Nitalilalia mimi na kutoa langu.

Kuni zimefika. Jenereta imewaka kwa mvuto wa sita. Mvua ya mawe kidogo saa kumi. Majani ya chai yametobolewa upande wa barabara.

Niandike tu, maana kichwa hakitulii.

Nilikuwa mwalimu kijana. Bi Hilda hakujua Kikipsigis, nami nilijua Kiingereza cha misheni. Akaniomba niwe mkalimani wake wakati wa likizo. Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Swali lake lilikuwa moja kubwa: wimbi lilipong'olewa ili chai ipandwe, wewe mama uliulizwa?

Mwanamke wa tatu alijibu kwa hasira. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, mtu mzima, mzee wa kanisa. Nikalainisha. Nikasema anasema ilikuwa vigumu mwanzoni. Mgeni aliandika, mume akatikisa kichwa kwa kuridhika, tukapewa maziwa. Nikaona nimefanya jambo la adabu. Tulifundishwa hivyo: mgeni hapewi majivu ya nyumba yako.

Wa nne ilikuwa rahisi zaidi. Baada ya hapo sikumbuki tena.

Wa kumi na nne ilikuwa nyumbani kwangu. Bi Hilda aliketi kwenye kiti changu. Tabitha alisimama, kisha akaketi, akaeleza kwa muda mrefu. Alisema alikwenda mtoni kufua, na aliporudi wimbi lake la nyuma ya jikoni lilikuwa chini, mizizi juu. Alisema lilikuwa limebakiza wiki tatu kukomaa. Alisema hakuna aliyemwuliza. Alisema hayo akinitazama mimi, si mgeni.

Aliyeling'oa ni mimi.

Nikasema kwa Kiingereza: anasema tulikubaliana, alifurahi.

Jumapili, 10 Agosti

Ibada, kisha mapokezi. Wamefika saa nane, gari limejaa matope hadi madirishani. Niliwaomba radhi kwa ajili ya barabara. Nikawaomba radhi kwa baridi, kwa maji ya kuoga yaliyochelewa, na kwa godoro la dereva ambalo ni fupi. Dereva ni mrefu kupita kiasi.

Profesa Koskei amenenepa. Alinishika mkono kwa mikono miwili kama zamani, akawaambia wenzake kwamba mimi ndiye niliyemchapa mpaka akajua kutafsiri sentensi. Walicheka. Nilicheka pia.

Mercy ni msichana mwembamba, mwenye miwani, anayeongea haraka. Alinitafuta baada ya chai.

“Mwalimu, naomba unisaidie na kitu. Bi Hilda alikuwa na mkalimani. Kwa madaftari anasema tu ‘msaidizi wangu’. Lazima alikuwa mtu wa hapa. Unaweza kumjua?”

Nikasema nitaulizia.

Nitaulizia! Nikaenda jikoni kuona kama maharagwe yameiva.

Jumatatu, 11 Agosti

Ufunguzi saa mbili na nusu. Kengele ya shule imefaa sana. Umeme umekatika saa nne kasorobo, jenereta imegoma, mwanafunzi wa kwanza amewasilisha bila picha zake ukutani. Niliomba radhi kwa ukumbi mzima.

Mama Wambui alikuwa mlangoni na birika. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi safu ya mwisho: “Mwalimu anaomba msamaha hata kwa mvua! Kesho ataomba msamaha juu ya jua kuchelewa.” Walicheka sana. Nikaomba radhi.

Sikujua semina huendeshwa hivi. Kila makala hupewa saa nzima, na wenzake wawili wa mwandishi huyachambua bila kupepesa macho. Dkt. Atieno, mhadhiri kutoka Kisumu, alimwambia kijana mmoja mbele ya wote: “Umeandika ulichotaka kusikia. Rudi ukasikilize.” Nilitaka kutoka nje. Kijana akaandika maneno hayo, akashukuru. Chakula cha mchana walikula meza moja wakicheka.

Profesa alinieleza kwamba Ijumaa ni siku nzito. Mercy ndiye wa mwisho, saa tatu asubuhi. Wahadhiri watatu wataamua kama data yake inatosha aanze kuandika tasnifu. Wakikubali, anamaliza mwaka ujao. Shule aliyoajiriwa imempa likizo ya mwaka mmoja tu.

Jumanne, 12 Agosti

Maji ya moto yametosha leo. Sukari itaisha kabla ya Alhamisi. Wasomi wanaipenda kuliko wachuma chai, kwa maneno ya Mama Wambui.

Saa nne, wakati wa chai, Mercy alinionyesha picha za madaftari kwenye kompyuta yake. Karatasi zile zile za mistari ya buluu. Mwandiko wa Bi Hilda umelala upande kama nyasi baada ya upepo. Na pembeni, hapa na pale, majina ya vijito na vilima kwa mwandiko mwingine. Bi Hilda alikuwa akinipa kalamu nimwandikie majina ya mahali, kwa sababu hakuyaweza.

“Huyu ndiye yeye,” Mercy akasema. “Angalia hii K, Mwalimu. Ina mkia kama ya panya.”

Ratiba yangu ilikuwa ukutani, hatua nne nyuma yake. Kapkatet imeandikwa pale mara mbili.

Mchana nilikwenda Kapkatet, nikaichapisha ratiba kwa mashine. Nikaibandua ya mkono, nikabandika ya mashine. Ya mkono nimeikunja na kuificha kabatini chini ya mashuka.

Mama Wambui akauliza ile nyingine ilikuwa na makosa gani. Nikamwambia hii inasomeka vizuri zaidi. Alinitazama, akatazama ratiba, akarudi kwa sufuria zake.

Nina umri wa miaka sabini na minne. Nimeficha karatasi kama mtoto aliyevunja kikombe.

Jumatano, 13 Agosti

Ziara ya kiwanda cha chai. Gari limekwama mara moja kwenda, mara mbili kurudi. Wahadhiri wamesukuma. Nilipewa habari hiyo na dereva aliyerudi na tope hadi kwenye nyusi.

Mercy hakwenda. Alitaka kufanya mazoezi. Akaniomba nimsikilize, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Tukaketi katika chumba cha kulia. Mama Wambui alikuwa akimenya viazi upande wa pili.

Anasoma vizuri. Sauti safi, hasimami ovyo. Alipofika mhojiwa wa kumi na nne akaacha karatasi, akaniambia kwa Kiswahili:

“Unajua, Mwalimu, watu hudhani nyanya zetu walikuwa wanaburutwa tu kama mbuzi. Hiyo ilikuwa inaniuma. Halafu nikapata huyu mama. Alikubaliana na mzee wake. Alifurahi. Nilisoma hiyo nikalia.”

Akaniuliza naonaje.

Nikasema, “Umesoma vizuri sana.”

Mama Wambui akaacha kumenya. “Mwalimu, uko sawa? Umekuwa rangi ya hii viazi.”

Nikasema ni baridi.

Sikula chakula cha jioni. Nimejiambia sababu nyingi. Kwamba Bi Hilda amefariki. Kwamba Tabitha amefariki, miaka sita sasa. Kwamba Mercy ataumia bure na nitamwaibisha Profesa mbele ya wenzake. Zote zinaonekana kama huruma. Nilikuwa na sababu kama hizi siku ile pia.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwambia.

Baada ya chai ya asubuhi nilitoa ratiba ya mkono kabatini. Nikaikunjua mezani mbele yake, nikamwomba afungue picha ya daftari. Hakuelewa. Kisha akaelewa. Alitazama karatasi, akatazama kioo cha kompyuta, akaweka kidole kwenye K ya kwanza na kwenye K ya pili.

“Ni wewe.”

Nikasema ndiyo. Nikamweleza yote, kuanzia mwanamke wa tatu. Nikamwambia mhojiwa wa kumi na nne alikuwa mke wangu. Nikamwambia alichosema na nilichosema mimi. Sikupamba.

Alivua miwani. “Mwalimu, kesho saa tatu nasimama mbele ya watu.”

“Ndiyo.”

“Nilikuuliza Jumapili.”

“Ndiyo.”

“Jumapili, Mwalimu! Ungeniambia Jumapili ningekuwa na siku tano. Jana nimekusomea yote, ukasema nimesoma vizuri.”

Alikusanya vitu vyake akatoka. Kwenye kipindi cha asubuhi kiti chake kilikuwa kitupu. Nilipiga kengele kwa saa zake. Nikagawa chai. Profesa aliuliza Mercy yuko wapi, nikasema anajiandaa. Jambo hilo halikuwa uongo, nadhani.

Saa saba na nusu alirudi jikoni nilikokuwa. Macho mekundu, daftari mkononi.

“Ulibadilisha majibu ya wangapi?”

“Sijui.”

“Hujui!”

“Kuanzia wa tatu. Wengine niliwaacha kama walivyosema. Sikumbuki ni akina nani.”

“Nani bado yuko hai?”

Watatu. Wawili wamehamia kwa watoto wao, mmoja Chepseon na mwingine Kiptere. Aliyebaki ni Rael, rafiki wa Tabitha, anakaa chini ya kituo cha kupimia majani, mwendo wa dakika ishirini. Hapa kila mtu humwita Kogo Rael. Kogo ni nyanya kwa lugha yetu.

Tukaenda. Mercy alitangulia mbele. Njia ilikuwa ya utelezi na niliteleza mara mbili. Mara ya pili alisimama akanisubiri, lakini hakunipa mkono.

Mlangoni akanigeukia. “Mwalimu, wewe baki nje. Kikipsigis ninakijua.”

Nilibaki nje, chini ya ukingo wa mabati. Mvua ikaanza. Ndani nilisikia sauti ya Kogo Rael, kisha kicheko kirefu cha mwanamke mzee asiyejali meno yake yaliyobaki. Kilidumu. Nilisimama hapo karibu saa nzima, maji yakinidondokea kwenye bega la kushoto.

Hatimaye Kogo Rael akaniita mwenyewe. “Mwalimu! Ingia, utaota uyoga huko nje.”

Niliingia. Alikuwa ameketi karibu na moto, mdogo kuliko ninavyomkumbuka.

“Kumbe ulifikiri hatujui,” akaniambia. “Sisi wote tulijua.”

Nikamwuliza walijuaje, nao hawakusikia Kiingereza.

“Macho tulikuwa nayo! Mimi nilimtukana mume wangu mbele ya yule mgeni, nikamtukana na babake. Wewe ukafungua mdomo, na mgeni akatabasamu. Mtu hutabasamu hivyo akisikia matusi? Tulipokutana mtoni tukawa tunaigiza. Mmoja anatukana, mwingine anakuwa wewe, anasema kwa adabu, ‘Mama anashukuru.’ Tulicheka mpaka tukaachia nguo zichukuliwe na maji.”

Mercy alikuwa ameinamisha kichwa akiandika. Nilidhani analia. Alikuwa akicheka.

Nikauliza juu ya Tabitha.

Kogo Rael akaacha kucheka. “Yeye hakuigiza. Alisema, ‘Mimi nimeongea mpaka chai ikapoa, na mgeni ameandika mstari mmoja.’ Tukamwambia amwulize mume wake ni nini alisema. Akakataa. Akasema, ‘Akitaka kujua nilivyoona, ataniuliza mwenyewe.’”

Moto ulikuwa ukitoa moshi mwingi.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya siku hiyo. Nilimwuliza juu ya watoto, juu ya ng'ombe, juu ya kanisa, juu ya maumivu ya mgongo. Juu ya wimbi sikumwuliza hata mara moja.

Tuliporudi, Mercy alinishika kiwiko kwenye sehemu ya utelezi.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa tatu kamili. Nilipiga kengele mimi.

Mercy alisimama bila makala yake. Akawaambia kwamba hawezi kutetea hoja iliyo kwenye faili zao, na kwamba jana mchana amepata sababu. Alibandika ukutani ratiba yangu ya mkono, na pembeni yake ukurasa wa daftari uliochapishwa mkubwa. Kisha akaniita mbele. Aliniita mhojiwa. Aliniuliza maswali kwa utaratibu, moja baada ya jingine, kama mtu anayehojiwa anavyopaswa kuulizwa, nami nikajibu. Jikoni nilimsikia Mama Wambui akiweka mfuniko juu ya sufuria.

Profesa Koskei alitazama ile ratiba ukutani. Kisha akasema, polepole, “Mwalimu, wewe ulinichapa kwa kuongeza neno moja lisilokuwepo kwenye sentensi.”

Nikasema nakumbuka. Lilikuwa neno “sana”.

Hakuna aliyecheka.

Dkt. Atieno akaniuliza: “Kama ulidanganya wakati ule kwa adabu, leo tutajuaje kwamba hudanganyi kwa majuto?”

Swali lile ni la haki. Nilimwambia hawawezi kujua kutoka kwangu. Nikamwambia kuna wanawake watatu walio hai, na kwamba Mercy anajua lugha yao, na kwamba mara hii mimi nibaki nje.

Walijadiliana nusu saa, sisi tukiwa barazani. Uamuzi: data haitoshi. Madaftari hayawezi kutumika kama yalivyo. Mercy arudi Desemba kuwahoji upya walio hai, na watoto wa waliokufa, kisha aandike upya. Mwaka mzima umepotea. Likizo yake itaisha kabla hajamaliza, na itabidi afundishe mchana na kuandika jioni.

Dkt. Atieno alimwambia kwamba alichofanya leo ndicho kipindi bora cha wiki. Mercy akashukuru. Nilimwona baadaye nyuma ya tangi la maji, peke yake, akipiga teke jiwe. Sikumwendea. Nilitaka sana kumwendea ili mimi nijisikie vizuri, nikaona hiyo si sababu.

Sasa ninapoandika, nagundua kwamba tangu jana asubuhi sijaomba radhi kwa jambo lolote. Si kwamba niliamua. Hata umeme ulipokatika wakati wa chakula.

Jumamosi, 16 Agosti

Wameondoka saa nne. Blanketi thelathini na moja. Moja haipo. Mama Wambui anasema dereva amejifunika nayo miguu hadi Nairobi, na kwamba anastahili. Sufuria zimerudishwa shuleni, zimesuguliwa kuliko zilivyokuja.

Profesa alinisalimu kwa mkono mmoja. Kisha, akiwa tayari ameingia garini, akashuka tena, akanisalimu kwa miwili.

Mercy alikuwa wa mwisho kupanda. Alinipa karatasi. Ni orodha ya wahojiwa ishirini na wawili, na mbele ya nambari kumi na nne ile sentensi ya zamani imekatwa kwa mstari, nafasi chini yake ni tupu.

“Andika alichosema,” akasema. “Kwa Kikipsigis. Vile alisema, si vile ungesema. Halafu chini uandike kwamba ni wewe unakumbuka, na ni baada ya miaka mingapi.”

Niliandika nikiegemea mlango wa gari. Ilichukua muda. Kila mtu alingoja, hata dereva hakupiga honi. Nilipomaliza nafasi haikutosha, nikageuza karatasi nikaendelea nyuma.

Akaisoma yote. Akaikunja. “Desemba, Kugo,” akasema. Ni babu kwa lugha yetu. Wiki nzima aliniita Mwalimu.

Nilipeleka godoro kwa mchungaji. Mgongo unauma.

Jumapili, 17 Agosti

Ibada. Mahubiri marefu. Nimerudi nyumbani kwangu.

Emily, mke wa mwanangu, ndiye anayelitunza shamba tangu Tabitha atutoke. Mwanangu yuko kazini Nakuru, huja mwisho wa mwezi. Mama huyu anachuma, anapalilia, anapeleka majani kituoni, anakamua ng'ombe. Shamba liko kwa jina langu.

Baada ya chakula nilikwenda nyuma ya jikoni. Michai ya pale ni ya kwanza niliyopanda, mashina yake mazito kama paja. Wiki hii yote nilikuwa nimeamua jambo, na sikuliandika hapa kwa sababu lilinifariji mno: nitaing'oa mistari minne, nipande wimbi kwa ukumbusho wa Tabitha. Nilikuwa tayari nimechukua jembe ghalani.

Nilisimama nalo pale kwa muda. Kisha nikaliegemeza ukutani, nikamwita Emily.

Nilimwuliza angependa nini kifanywe na sehemu hii.

Alinitazama, akatazama jembe. Akauliza kama ninaumwa. Nikasema hapana, nauliza tu. Akauliza kama Baba amekwisha kuamua na anataka yeye akubali. Nikasema sijaamua. Nikamwambia nilichokuwa nikifikiria juu ya wimbi, na kwa nini. Alisikiliza akiwa amekunja mikono ndani ya leso.

Alifikiri kwa muda mrefu. Sikumsaidia.

Jibu lake ni hili: “Baba, wimbi hapana. Ndege watamaliza, na ni mimi nitakuwa nafukuza. Hii chai iko karibu na nyumba, nachuma nikiwa naangalia jiko. Iacheni. Lakini ile kona ya juu, mahali mlisema isiguswe, mimi nimetaka kupanda viazi miaka minne.”

Nikasema sawa. Nikamwuliza viazi vya aina gani. Akaniambia.

Nimerudisha jembe ghalani. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema.